Dalali wa matibabu ya India atuambie bei yote

Mhariri, mama mdogo alienda India kubadilishwa goti, dalali katuambia ni nafuu na kweli upasuaji ulikuwa nafuu, ila viza, chumba cha kulala na nauli ya msindikizaji hakutaja, ikabidi tuuze mtumbwi na nyavu zake. Karudi Mwanza mguu umevimba hadi ndala haiingii, kumbe damu imeganda kwenye mshipa, na kukaa muda mrefu kwenye ndege baada ya upasuaji kunaongeza hatari hiyo. Daktari wa huku anaomba ripoti, sisi tuna risiti tu! Jamani mnaoenda kwa meno au kurekebisha maumbo, daini ripoti na picha zenu zote za vipimo, na siku ya kusafiri muulizeni daktari sio dalali. Serikali nayo iwasajili hawa watu.

Mkazi wa Igoma, Mwanza