Barua ya malalamiko: difu ya LSD mliyoifunga bila kupima

Lushoto, Tanga
14 Aprili 2025

Meneja wa Huduma,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUNGWA KWA DIFU YA LSD KWENYE GIA BOKSI YA TOYOTA RUNX

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mteja aliyewaletea RunX ya rangi ya fedha, yenye injini ya 2ZZ na gia boksi ya mkono ya gia sita, tarehe 17 Machi 2025. Nililichukua Jumamosi ya tarehe 22. Kazi ilikuwa moja tu: kutoa difu ya kawaida iliyomo ndani ya gia boksi, yaani kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele, na kuweka difu ya LSD ya sahani, yaani ile inayozuia gurudumu moja kuteleza bure peke yake, ambayo niliinunua hapohapo kwenu. Nililipa shilingi 3,150,000 kabla sijakabidhiwa ufunguo. Leo gari langu limesimamishwa juu ya magogo uani kwa fundi hapa Lushoto, gia boksi iko mezani imefunguliwa, na yaliyofanyika ndani yake nimeyaona kwa macho yangu.

Naomba mjue kwanza kwa nini niliitaka difu hii, maana kijana wenu wa mapokezi aliniambia kwenye simu kwamba hizi ni difu za watu wa mashindano. Nyumbani kwetu ni upande wa Mlalo. Kipande cha mwisho cha njia ni udongo mwekundu, na masika ukishalowa huwa kama sabuni. Gari la kuvuta mbele likipanda mlima, uzito unarudi nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Moja likitumbukia kwenye mfereji, difu ya kawaida inaliacha lile linaloteleza lizunguke bure, na lile lililokanyaga pagumu linabaki limesimama. Nimelala njiani mara mbili kwa sababu hiyo, mara moja nikiwa na mama yangu mzazi. Wapo walionishauri nichomelee difu ya zamani kwa bei ya chakula cha mchana. Nilikataa, kwa sababu difu iliyochomelewa hulazimisha magurudumu yote mawili kwenda mwendo mmoja hata kwenye kona, na njia yetu ni kona tupu.

Nilichagua ya sahani na si ya gia kwa kufikiri. LSD ya gia ni nzuri na haichakai upesi, lakini gurudumu moja likining'inia hewani kabisa, nayo inashindwa, kwa kuwa inahitaji japo upinzani kidogo upande ule ili ipeleke nguvu upande wa pili. Ya sahani ina springi zinazozibana sahani zake tangu mwanzo, kama klachi ndogo, kwa hiyo kuna nguvu inayofika kwenye gurudumu zuri hata jingine likiwa juu. Fundi wenu mkuu alikubaliana nami. Kwa hiyo sina ugomvi na difu yenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi mlivyoifunga.

Nilitoka Dar alfajiri ya tarehe 29 nikiwa na familia, tunakwenda kula Idd nyumbani. Tulipopita Chalinze nilianza kusikia mvumo mbele, chini ya miguu yangu. Segera ukawa mkubwa kiasi cha watoto kuuliza. Korogwe nilisimama, nikaona oili inadondoka kwenye shina la shafti ya kushoto. Niliwapigia simu palepale, na jibu nililopewa ni kwamba LSD zote hupiga kelele, nitazoea.

Jibu hilo si kweli, na mtu anayeuza difu hizi alipaswa kulijua. Sahani hulalamika gari likigeuka polepole usukani umekunjwa mpaka mwisho. Ukiunyoosha usukani, kunatulia. Mvumo wangu ulianza kwenye barabara iliyonyooka, kuanzia kilomita 60 kwa saa, na ulipanda kadiri mwendo ulivyopanda. Nikibadili gia kwa mwendo uleule, haubadiliki. Nikiweka gia huru gari likiserereka, upo palepale. Kitu kinacholia hata gia ikiwa huru ni kile kinachozunguka pamoja na magurudumu, yaani difu na beringi zake.

Kutoka Mombo kupanda Soni nilikwenda taratibu sana, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine.

Baada ya Idd tuliishusha gia boksi. Fundi aliyeifungua ni mzee ambaye amefanya kazi hii tangu sijaoa, nami nilimshikia taa mwanzo hadi mwisho. Oili iliyotoka ilikuwa na chenga za chuma zinazong'aa. Beringi mbili za difu zimebadilika rangi na zina vishimo, na kwenye kizimba cha moja kuna alama za patasi, ishara kwamba iling'olewa kwa kugongwa badala ya kuvutwa kwa presi. Ankara yenu inasema mlifunga beringi mpya, shimu mpya (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) na oilsili mpya (mpira unaozuia oili isivuje), kwa shilingi 250,000. Lakini difu ya zamani mliyonirudishia kwenye boksi haina beringi. Kama mlinunua mpya, zile za zamani zilikwenda wapi, na kwa nini mtu ahangaike kuzing'oa kwa patasi kwenye difu ambayo haitumiki tena? Mlizihamisha. Mlinitoza fedha za beringi mpya mkanifungia beringi za gari langu mwenyewe, zilizokwisha kutembea miaka yote tangu gari litoke Japani.

Shimu nayo ni ileile ya zamani. Hapa ndipo naomba mnisikilize, kwa sababu naamini kuna wateja wengine wanaoendesha magari yaliyofungwa namna hii. Difu ya LSD haitoki kiwanda kimoja na ile ya Toyota. Tofauti ya sehemu ndogo za milimita kwenye urefu wake inatosha kuharibu mkazo wa beringi. Ndiyo maana shimu inayokaa nyuma ya pete ya nje ya beringi huuzwa kwa unene mbalimbali: unafunga, unapima nguvu inayohitajika kuizungusha difu, unafungua, unabadili shimu, unapima tena, mpaka ufike kwenye kipimo cha kitabu. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo niliyoilipia ufundi wa shilingi 600,000. Kurudisha shimu ya zamani ni kubahatisha. Kwangu mkazo ulikuwa hafifu, difu ikawa inacheza kushoto na kulia kila ninapokanyaga na kuachia mafuta, meno ya krauni, ile gia kubwa ya duara iliyofungwa kwenye difu, yakawa yanakutana vibaya, oilsili ikashindwa kuishika shafti.

Jambo lililonifanya nikose usingizi ni boliti. Kati ya boliti zinazoishika krauni kwenye difu, mbili zilifunguka kwa mkono mmoja, bila fundi kukaza misuli. Boliti hizi hukazwa kwa zamu, kwa mkingamo, kisha humalizwa kwa spana ya kupimia nguvu. Moja ikichomoka huingia katikati ya meno, na gia boksi inaweza kupasuka au magurudumu ya mbele yakajifunga ghafla. Nilikuwa na mama, mke na watoto watatu kwenye kona za Soni.

Tena hakuna aliyeniambia kwamba difu ya sahani hulainishwa kwanza kwa kuzungushwa polepole kwa umbo la namba nane, kisha oili ibadilishwe mapema. Nilijifunza kwa mzee huyu, gari likiwa tayari limeharibika.

Ninadai mnirudishie shilingi 250,000 za vipuri ambavyo havikufungwa na shilingi 600,000 za ufundi ambao haukufanyika. Ninadai pia mlipie beringi, shimu na oilsili halisi, pamoja na krauni na pinioni yake (gia ndogo inayoizungusha) iwapo meno yatakutwa yameliwa. Kazi ya kufunga ifanyike hapa Lushoto na fundi niliyemchagua, kwa gharama yenu. Kama mnataka kuifanya wenyewe, basi mje na vifaa, mpime mbele yangu, na vipimo vya mkazo wa beringi na vya kukaza boliti viandikwe kwenye karatasi yenye sahihi na muhuri wenu. Difu ya LSD nitabaki nayo iwapo sahani zake hazijaguswa na chenga. Zikiwa zimekwaruzwa, ni juu yenu.

Nimeambatanisha nakala ya ankara, picha za beringi, shimu na boliti, na maelezo ya fundi. Nasubiri majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 5 Mei 2025. Nisipoyapata nitapeleka vielelezo hivi Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kuwa kumtoza mteja kitu ambacho hakikufungwa ni kumdanganya. Difu ya zamani nimeihifadhi ndani ya boksi lilelile mlilonipa, bila beringi, kama mlivyoirudisha.

Wenu,
Mteja, mwenye Toyota RunX ya rangi ya fedha