Tazama bega kabla ya daftari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kazi zimetubana. Barua yako nimeipata, pamoja na ule ukurasa wa daftari la mwanao ulioutia ndani ya bahasha. Herufi nyingine zinapanda mlima, nyingine zinateremka, na ile "g" ya mwisho imeshatoka nje ya mstari kabisa. Nilicheka peke yangu, mpaka nikafika kwenye wino mwekundu wa mwalimu: "Mvivu." Hapo kicheko kikakatika, maana neno hilohilo na mimi niliwahi kuliandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili darasa la kwanza. Nilikuwa na mtoto wa miaka 6, akiandika mistari miwili tu, basi, analaza kichwa juu ya dawati. Kila siku miwili. Nikampelekea mzazi wake ripoti kwamba mtoto ni mvivu. Siku moja wenzake walipotoka kucheza, nikaketi ubavuni kwake badala ya kumsimamia mbele kama askari. Penseli alikuwa ameikaba kwa ngumi. Vidole havisogei, mkono mzima unavutwa kutoka begani, na bega lenyewe limepanda karibu liguse sikio. Mkono wa pili, ambao haukuwa na kazi yoyote, nao umekunja ngumi chini ya dawati. Miguu inaning'inia hewani. Ulimi nje. Kumbe kwa mistari ile miwili alikuwa ametoka jasho kama mtu aliyepandisha kabati ghorofani!

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujamkalisha kijana jioni umwandikishe herufi mia, kaa ubavuni kwake umtazame anavyoandika. Daftari liache kwanza.

Mwili wa mtoto hutengemaa kuanzia juu kwenda chini, na kuanzia katikati kwenda pembeni. Shingo hutangulia miguu, bega hutangulia kidole. Kama kiwiliwili kinayumba kwenye kiti, vidole vitapata wapi utulivu wa kuzungusha "a"? Halafu kuna mifupa. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, lakini kwa mtoto wa miaka 6 hivi kama mwanao baadhi yake ingali gegedu laini, haijawa mfupa mgumu. Wa mwisho huanza kuwa mfupa kati ya miaka 8 na 12. Mkono tunaoudai mwandiko mzuri bado unajengwa.

Unaniuliza uangalie nini. Kwanza, usimwambie "njoo nikupime", atakakamaa kama mti. Mvizie akiwa mchezoni. Mrushie mpira: mdogo huukumbatia kifuani huku amefumba macho, lakini akikaribia miaka 7 wengi huungoja kwa viganja, viwiko vimekunjwa kidogo, macho kwenye mpira. Kisha mwache autupe, na wewe utazame miguu. Ambaye hajazoea hutanguliza mguu wa upande uleule wa mkono unaotupa. Aliyekwisha kuzoea hutanguliza mguu wa upande wa pili na kiuno kinazunguka. Hakuna anayewafundisha, nami kila mwaka hunipa raha kuona siku mguu ulipobadilika. Tazama pia kama anaruka kwa mguu mmoja mara kadhaa bila kushika ukuta, na kama mguu wa kulia na wa kushoto haipishani sana.

Kwa mikono, mpe mkasi. Wengi hutazama mkono unaokata, mimi hutazama ule unaoshika karatasi. Ukiona unaigeuza karatasi taratibu kuufuata mkasi, mikono miwili imeanza kuelewana. Vifungo vya shati na kamba za viatu navyo husema mengi, ila kamba usizifanyie haraka, wapo wanaozifunga vizuri wakiwa na miaka 7. Na akiwa wa mashoto mwache na mashoto yake, mwinamishie tu daftari upande wa kulia.

Kuhusu kimo: umri huu mtoto huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na kilo 2 hadi 3. Ukimpima asubuhi leo na jioni mwezi ujao utajitia hofu bure, kwani mgongo hubanwa mchana kutwa na jioni mtu huwa mfupi kidogo. Chagua saa moja na uishike hiyohiyo. Avue viatu, visigino vigusane na ukuta, kitabu kilale bapa kichwani. Na usimlinganishe na binamu yake. Mlinganishe na alama yake mwenyewe ya mwaka jana.

Meno umeniambia yameanza kulegea. Chungulia na kule nyuma kabisa: karibu na miaka 6 huota gego ambalo halikung'oa jino lolote, hivyo wazazi hulidhania la utoto na kulipuuza likioza. Hilo ni la maisha.

Yapo mambo ambayo singengoja. Akipoteza jambo alilokuwa akiliweza. Upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu waziwazi. Akianza kuanguka kuliko zamani. Au akiinuka sakafuni kwa kujikwea mwenyewe kwa mikono, magotini kisha mapajani. Hayo ni ya daktari, tena mapema. Mwandiko wa kupanda mlima siyo.

Yule mtoto wangu nilimwekea boksi chini ya miguu. Nikampa kipande kifupi cha penseli ambacho ngumi haikuweza kukikaba, akalazimika kukishika kwa gumba, cha shahada na cha kati. Mara nyingine tulibandika karatasi ukutani, akachora makubwa makubwa akiwa amesimama, bega likafanya kazi yake. Siku ya mstari wa tano aliniletea daftari mbio, akiliburura sakafuni. Mzazi wake nilimwandikia barua ya pili. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na ilinichukua siku tatu kuimaliza.

Basi usinitumie ukurasa mwingine. Niandikie haya: akiandika, miguu yake inafika chini? Mkono wa pili unafanya nini? Na jino la mbele la chini, limeshang'oka?

Nisalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote,
Mwalimu wako asiye na mshahara