Vituo saba ni vingi, swahiba

Swahiba wangu,

Salaam, na za siku nyingi. Huku wazima, mafua ya hapa na pale tu. Babu Ramani anakusalimu na anadai dira yake. Maamkizi nayakata hapa, maana ratiba yako ya kuwapeleka watoto mtoni imenikwama kooni, na umesema mwalimu mkuu anaisaini Ijumaa.

Vituo saba vya kazi! Kwa saa tatu! Hebu tupige hesabu. Dakika 20 kila kituo, mara saba, ni 140. Kuhama mara sita, dakika tano tano, ni 30. Umebaki na dakika kumi, na hapo hujahesabu watoto, hujatoa maelekezo wala hakuna aliyenawa mikono. Choo umeandika kina matundu mawili. Watoto 48, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 48 za foleni. Wapite chooni shuleni kabla ya kupanda basi, kisha kule waende wanne wanne na mtu mzima huku kazi ikiendelea.

Lakini choo si kiini cha ugomvi wangu. Kiini ni ile trei nyeupe ya kuchambulia viumbe wa majini. Kuvuruga changarawe mbele ya wavu ni dakika tatu, kwa saa, bila kuzidisha. Kumimina kwenye trei na kuacha tope litulie, tano. Kutafuta, 20. Kutambua na kuandika, 12. Jumla 40, na hakuna mahali pa kupunguza. Dakika za mwanzo mtoto huona kile kikubwa kinachokimbia. Vidogo vilivyong'ang'ania majani huanza kusogea baadaye, maji yakishatulia. Ukiwaondoa dakika ya ishirini watakuandikia kwamba mto una kereng'ende na konokono basi, nawe utawapa alama kwa data ya uongo.

Kwa hiyo vitatu, dakika 45 kila kimoja. Ni 135, ongeza kumi za kuhama mara mbili. Zinabaki 35 za maelekezo ya mwanzo na kuunganisha matokeo mkiwa bado mtoni. Kile cha ndege kifute. Ndege gani atakayekaa kuwasubiri watoto 48? Udongo mbebe kwenye mfuko mkaupime darasani. Cha mawe na cha kuchora mandhari sitavisemea, unajua mwenyewe viliingiaje.

Na hivyo vitatu vyote vijibu swali moja. Mimi ningeuliza: kivuli cha miti kinabadilisha nini mtoni? Umesema kuna kipande chenye miti na kingine cha juani, kisicho na miti. Basi kituo cha kwanza ni viumbe wa majini, cha pili joto na kasi ya maji, cha tatu mimea ya ukingoni. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe ulikuwa umeshika saba.

Makundi yawe matatu ya watoto 16, na kila kundi ligawike wanne wanne: mshika wavu, mvurugaji, mshika saa, mwandishi. Vikundi viwili vya wanne vikae kivulini, viwili juani, kwa wakati mmoja. Hili usilipuuze. Mkipima kivulini saa tatu na juani saa tano, tofauti ya joto itakuwa ya jua kupanda, si ya miti. Vilevile vipande vyote viwili viwe vya changarawe na maji yanayokwenda. Ukilinganisha dimbwi la kivulini na mkondo wa juani, utakuwa umepima kasi ya maji ukaiita kivuli.

Wavu wa matundu ya nusu milimita unatosha. Mdomo uelekee maji yanakotoka, mvurugaji asimame mbele yake. Kundi la kwanza lianzie chini, linalofuata lipande juu kidogo, na la mwisho juu zaidi. Wakifanya kinyume, kundi la tatu litavua tope la wenzao. Wanaopima kasi nao wakae chini ya wenye nyavu kwa sababu hiyohiyo.

Trei iwekwe kivulini hata kwa wale wa juani, maji ya sentimita mbili hivi, na yabadilishwe yakianza kupata joto. Maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 hushuka hadi karibu 7.5. Wadudu wachanga wenye mikia mitatu na matamvua kandokando ya tumbo ndio huzimia mapema. Tunutu (mtoto) wa kereng'ende atengwe chombo chake, la sivyo atakula sampuli mbele ya macho yenu. Viluwiluwi vyekundu vya usubi watoto huviita minyoo. Waonyeshe kichwa na vijiguu bandia, na uwaambie wekundu ule ni himoglobini, ileile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, ndiyo maana vinaweza kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba. Mkimaliza, kila kiumbe kirudi kilikotoka.

Kasi: pima mita kumi kwa kamba, tupa chungwa, rudia mara tano, chukua wastani, kisha zidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mpira wa mezani hapana, upepo huupeleka utakako. Kipimajoto kiwe cha spiriti, si cha zebaki; kikae majini dakika mbili na kisomwe kikiwa humohumo. Ukingoni, tandaza utepe wa kupimia wa mita 20, watoto wachote namba mfukoni, na fremu ya nusu mita kwa nusu mita iwekwe pale namba iliposema. Habari ya kuirusha kwa nyuma iache. Mtoto hurusha penye maua, au kichwani kwa mwenzake.

Penseli, si kalamu ya wino. Fomu moja tu, na waijaze darasani kwanza kwa picha za viumbe hao, pamoja na ramani, ratiba na habari ya nguo za kuvaa. Nir Orion na Avi Hofstein, watafiti wa elimu ya sayansi, waliliandikia hili mwaka 1994: mgeni wa mahali, wa kazi na wa hali yenyewe hajifunzi sana, akili yake inahangaika na ugeni. Kipindi kimoja cha maandalizi kina faida kuliko vile vituo vyako vinne nilivyovikata. (Naona unavyonuna.)

Usalama kwa ufupi, maana haya unayajua. Maji yasipite magoti. Yakianza kugeuka rangi au kuleta vijiti na majani mengi, tokeni mara moja hata kama kwenu jua linawaka. Mvua imenyesha juu huko. Radi ikinguruma ndani ya sekunde 30 baada ya umeme, kazi imesimama, na dakika 30 zihesabiwe tangu ngurumo ya mwisho. Sindano ya mwenye mzio wa nyuki ikae na mtu mzima anayetembea naye, si ndani ya basi. Idara ya afya iulizwe kuhusu kichocho. Kama kipo, tafuta mto mwingine, kwani vijidudu vyake hupenya ngozi na buti lililotoboka halisaidii kitu.

Watu wazima umeandika watano. Ongeza wawili: wawili kwa kila kituo, na mmoja asiye na kituo, mwenye sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya majina. Huyo ndiye ahesabu watoto kila mnapohama.

Sasa nijibu. Umekwenda mwenyewe pale, saa ileile na siku ileile ya wiki, au umeletewa picha? Kipande cha juani ni changarawe kweli? Nyavu mnazo nne, au bado zile mbili zenye mipini ya kuazima? Bi Mkubwa wa maabara anakuja au amesusa tena? Na ule mwendo kutoka barabarani, umeupima kwa hatua zako ndefu au kwa za watoto 48 wenye mabegi?

Jibu kabla ya Ijumaa. Ukikubali vitatu, nitakuchorea fomu mwenyewe.

Wako,
yuleyule mbishi