Mishipa ya moyo ya watoto nayo huziba

Mhariri,

Kila inapotangazwa harambee ya mtoto mgonjwa wa moyo hapa Kisumu, wachangaji huwa wamekwisha kujijibu kwamba ana tundu kwenye moyo, au kwamba valvu zake, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Maradhi hayo mawili ni mengi kweli, wala sina nia ya kuyapunguzia uzito. Ninaandika kuhusu la tatu lisilotajwa: mtoto wa miaka minne au mitano ambaye mishipa inayoulisha moyo wake imekuwa myembamba au imeziba kabisa, jambo ambalo wengi wetu, wakiwamo baadhi ya wenzangu katika uuguzi, hudhani ni la wazee wenye kisukari na shinikizo la damu.

Kwa mtoto, chanzo mara nyingi si mafuta. Wako wanaozaliwa na kasoro, kwa mfano mshipa wa kushoto wa moyo kuchipuka kwenye mshipa uendao mapafuni, na hao hutokwa jasho na kuhema wanaponyonya wakiwa na miezi miwili mitatu tu. Dawa yao ni kupasuliwa, mshipa ukahamishiwa mahali pake. Wengi wa wanaougua baada ya kuzaliwa salama huwa wamepitia ugonjwa wa Kawasaki, homa ya watoto inayovimbisha mishipa ya damu, ulioelezwa mwaka wa 1967 na daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki. Kuta za mishipa huvimba na kutuna, damu huganda ndani yake, na kovu linalofuata hufinya njia polepole, pengine kwa miaka. Wasipotibiwa, takriban mtoto 1 kati ya 4 hubaki na mishipa iliyotuna. Wakipewa imunoglobulini, dawa ya kingamwili, kwa dripu kabla ya siku 10 za homa kupita, hubaki karibu 1 kati ya 20.

Kwa yule ambaye njia imekwisha kufinywa, upasuaji upo, nao si wa jana. Madaktari wa Japani, akiwamo Soichiro Kitamura, waliuanza katika miaka ya 1970 kwa kutumia vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu kama wafanyiwavyo watu wazima, wakaona kwamba vena hiyo hairefuki mtoto anapokua, na huziba mapema. Katika miaka ya 1980 waligeukia ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inayoteremka nyuma ya mfupa wa kifua. Ncha yake ya juu huachwa ilipo, ya chini hukatwa na kushonwa kwenye mshipa wa moyo kupita pale palipoziba, ili damu ipate njia nyingine. Ateri hiyo huwa na upana wa milimita moja au mbili hivi, hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele huku daktari akitazama kwa lenzi za kukuzia, na jambo la ajabu ni kwamba huendelea kurefuka na kupanuka pamoja na mtoto. Palipofinywa ni mdomo wa mshipa, wakati mwingine hutosha kuupasua na kuutia kiraka. Vile vyuma vya kutanulia mishipa ya watu wazima havikui, ndiyo maana madaktari huvisitia kwa mtoto mdogo.

Sidai upasuaji huu uletwe Kisumu kesho. Wanaouhitaji ni wachache, na mkono usioshona mara kwa mara hauaminiki kwa mshipa wa milimita moja. Heri kituo kimoja chenye uzoefu kihudumie nchi nzima. Kinachonikera ni kwamba mtoto wetu hata jina la ugonjwa wake halipati. Huku ziwani, homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hata kipimo kikisema hapana, mtoto hupewa dawa ya malaria, kisha antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine. Kumbe dalili za Kawasaki anazo: macho yake ni mekundu lakini hayatoi tongo. Midomo imepasuka, ulimi ni mwekundu wenye vipele vipele, viganja na nyayo zimevimba, tezi ya shingo imejitokeza, naye analia bila kubembelezeka. Harara kwenye ngozi nyeusi haionekani upesi, basi mwuguzi na autazame pia mkono wa kushoto: kwa mtoto mchanga, kovu la chanjo ya kifua kikuu linaweza kuwa jekundu na kuvimba upya. Baada ya wiki mbili hivi homa hushuka yenyewe, ngozi ya vidole huanza kubanduka pembeni mwa kucha, na nyumba nzima hushukuru kwamba mtoto amepona, ilhali ni wakati huo huo mishipa inaendelea kutuna.

Ninaloomba ni dogo. Homa ikifika siku ya tano bila sababu kujulikana, kila zahanati iwe na amri ya kumpeleka mtoto kwenye hospitali ya rufaa yenye mashine ya eko, inayoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Imunoglobulini hutengenezwa kwa damu ya maelfu ya wachangiaji na bei yake ni kali, kwa hiyo kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga na jirani zao zishirikiane kuweka akiba ya dozi chache mahali pamoja, nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), bima ya afya ya taifa, itangaze waziwazi kiasi itakacholipa. Aspirini, ambayo mtoto huendelea kupewa baada ya imunoglobulini, ni ya bei rahisi, ila mzazi asiinunue dukani kwa kukisia, kwa sababu ina hatari zake kwa watoto.

Na kila aliyetibiwa aandikiwe jina la ugonjwa huo kwa herufi kubwa katika kijitabu chake cha kliniki, pamoja na vipimo vya mishipa yake, kwa kuwa daktari atakayempokea akiwa na miaka 25 akilalamika maumivu ya kifua hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua hayo.

Muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto,
Kisumu