Salamu za Krismasi kwa mnaokuja kuhesabiwa

Ndugu zangu wa Kilema, huku mteremkoni Kilimanjaro, mlioko Dar, Mwanza, Dodoma na kokote mlikofuata riziki, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Utani tumeuzoea: Desemba ikifika Mchaga hupanda kwao kuhesabiwa. Haya, pandeni tuwahesabu. Vuli haikutunyima, migomba imenawiri, na kahawa ya mwishomwisho bado iko kwenye vichanja.

Jioni hizi nakaa barazani natazama mteremko, nawaza kwamba kijiji chetu kilipangwa na maji. Mifongo, yaani mifereji yetu ya kumwagilia, ilitangulia. Wazee walikinga mto huko juu karibu na msitu, wakayashusha maji ukingoni mwa kilima, kihamba kwa kihamba, yaani shamba la ukoo moja baada ya jingine, kwa zamu. Mmisionari Rebmann alipofika hapa kwa Mangi Masaki, mtawala wetu, mwaka 1848, akakiona kilele cha Kibo na theluji yake, wasomi wa Ulaya walimbishia. Wa kwetu walikuwa wanalima chini yake siku zote. Baadaye mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni na kupanda mibuni. Tunapenda kusema kahawa ndiyo iliyotujenga, na mabati na ada za shule zilizopitia KNCU, chama chetu cha ushirika cha kahawa, tangu 1933 sizikani. Ila kahawa ilikuta kivuli cha migomba kipo, samadi ya ng'ombe wa zizini ipo, maji yapo. Ilikaribishwa nyumbani kwa watu.

Juzi nimepanda hadi kwenye banio, pale maji yanapokingwa mtoni. Mawe yameporomoka, gogo la mgomba lililoziba pengo limeoza, na maji yanarudi zake mtoni. Chini yake mfongo umejaa majani, na chupa ya soda imekwama palepale tulipokuwa tukiogelea tukifukuzwa na babu. Zamani siku ya kusafisha kila boma lilitoa mtu na jembe, na asiyetoka alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Siku hizi mabomani tumebaki akina mama, wazee na wajukuu. Mtaniambia bomba lipo. Nalishukuru, nanywa maji yake, lakini bomba halimwagilii migomba.

Kwa hiyo, kaka zangu, shemeji zangu, na baba mdogo usiyekosa kisingizio cha mgongo: tarehe 27 asubuhi tukutane banioni, kabla nyama haijawalemea. Ninayo majembe matatu. Wengine mje na yenu. Watoto waliozaliwa mjini waje pia. Wakati wa kushuka nitawaonyesha isale, ule mmea wa mpaka unaotutenga na jirani, na makaburi ya babu na bibi chini ya migomba, maana kuna mmoja mwaka jana aliniuliza kama ile ni bustani ya maua.

Misa ya mkesha msichelewe, viti huwa vinaisha. Ulezi umeshaoteshwa, ndizi ziko jikoni zinaiva, na mbege haitasubiri tarehe 28.