Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za misiba, harusi na ada mtasomewa na katibu na mweka hazina. Mimi nina jambo moja tu: mabomba ya maji machafu ya mtaa wetu.

Wengi mmeniuliza mbona mji umekalia hela za Washington. Haujazikalia, haujazipata. Hela hizo ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani ya maendeleo ya jamii, CDBG, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, na miji mikubwa hupewa fungu lake moja kwa moja na serikali kuu. Sisi hatufiki watu 50,000, kwa hiyo tumo katika ile asilimia 30 ya fedha inayopitia majimboni. Jimbo ndilo linalopanga vigezo, na miji midogo inagombania.

Jimbo nalo limebanwa. Angalau asilimia 70 ya fedha lazima iwafae watu wa kipato cha chini na cha wastani. Na kwa kuwa bomba la barabarani halichagui nyumba, inabidi ionekane kwamba asilimia 51 ya wakazi wa mtaa wako katika kundi hilo. Sensa inapotuchanganya na mtaa wa matajiri ng'ambo ya reli, mji hutuma watu kupiga hodi na kuuliza.

Hapo ndipo tulipoharibu. Walipopita mwezi wa kumi, nyumba nyingi zilizima taa. Ya kwangu pia, niseme ukweli. Mwenyekiti wenu alijibanza nyuma ya pazia. Aliyeishi kambi ya wakimbizi anajua moyo unavyoruka mtu mwenye karatasi anapouliza unapata kiasi gani. Lakini mlango uliofungwa hauhesabiwi kuwa wa maskini. Majibu hayakutosha, ombi halikutumwa.

Fomu nimeisoma mstari kwa mstari. Inauliza mko wangapi na kipato chenu kiko juu au chini ya kiwango. Haiulizi hati za uhamiaji. Tumeitafsiri kwa Kiswahili na Kirundi.

Kwenye mkutano wa hadhara wa mji kuhusu ruzuku hii nako tutakuwa na mkalimani. Si hisani: mpango wa kushirikisha wananchi unatakiwa kueleza wasiojua Kiingereza watasaidiwaje. Hatukuwahi kudai, basi.

Hodi zinaanza tena mwezi wa tatu, jioni, zamu ya kiwandani ikishatoka. Vijana watatu wamejitolea kuongozana na wapiga hodi. Bado tunatafuta mama mmoja anayesema Kibembe. Jina apeleke kwa katibu kabla hamjatawanyika.