Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhifadhi Giza

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa mbali. Mwaka jana niliahidi kwamba hifadhi yetu ya filamu fupi za hofu ya ulimwengu ingepunguza kupokea filamu mpya ili tushughulike na zile tulizokwisha kuzipokea. Tumefanya hivyo kwa sehemu kubwa. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukihesabu mafaili na kujiona tuna hazina, lakini tulipoketi kuyatazama moja moja, mwanzo hadi mwisho, tukaona kwamba filamu nyingi tunazo kwa jina tu.

Kwa ajili ya wanachama wapya, nieleze tunachokusanya. Katika visa tulivyokua navyo, jini lina jina, lina kabila lake, lina kitu linachokitaka. Mganga hulisemesha, hulifukizia ubani, na mara nyingine mambo yakatengemaa. Filamu za hofu ya ulimwengu zina kitisho cha namna nyingine. Kilichomo humo hakina haja na mtu. Hakimpendi wala hakimchukii, na ukubwa wake hauingii akilini. Mtengenezaji wa filamu fupi, anayetumia mshahara wake na nyumba ya rafiki yake, hana fedha za kukionyesha kitu cha ukubwa huo, kwa hiyo hukificha. Pembe ya chumba isiyofikiwa na taa, upeo wa bahari usiku, mngurumo wa chini unaosikika kifuani kabla ya masikioni: hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

Na hapo ndipo hasara yetu ilipo. Faili linapobanwa ili lipite upesi kwenye intaneti, programu hutupa kwanza kile inachodhani jicho halitakiona, na giza huwa la kwanza kutupwa. Kivuli kilichokuwa kikififia polepole ukutani hugeuka ngazi ngazi, kisha vipande vya mraba vinavyotetemeka. Mtazamaji aliyetakiwa kujiuliza kama kuna kitu kimesogea pale gizani huona miraba ikicheza. Filamu ya vichekesho ikibanwa hivyo, utaendelea kucheka. Filamu yetu ikibanwa hivyo, imekufa.

Kamati tendaji kwa hiyo imeamua kwamba nakala iliyochukuliwa kwenye intaneti itaandikwa katika daftari letu kuwa ni ya muda, hata iwe inapendeza vipi, mpaka tutakapoipata nakala mama, yaani ile ya asili ya mtengenezaji, au tuthibitishe kwamba haipo tena. Najua uamuzi huu umepunguza idadi tuliyozoea kuitaja kwa fahari. Naomba muuvumilie.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kanda za MiniDV, yaani kanda ndogo za video za kidijitali. Kanda hizi ziliingia sokoni mwaka 1995, na ndizo zilizowafungulia mlango watu wasio na studio. Mwaka huohuo Andrew Migliore alianzisha tamasha la filamu la H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za hofu ya ulimwengu, mjini Portland, Oregon, na filamu fupi za aina yetu zikapata mahali pa kuonyeshwa mbele ya watu wanaozielewa. Saa moja ya MiniDV huchukua takriban gigabaiti 13. Ukiihamisha kwa waya wa FireWire unapata tarakimu zilezile zilizoandikwa kwenye kanda, bila kubanwa upya. Tatizo ni kwamba kompyuta mpya hazina tundu la waya huo, kamera zenyewe hazitengenezwi tena, na vichwa vyake vya kusomea huchakaa kila vinapotumika. Kanda ikiwa nzima lakini mashine ya kuisoma hakuna, hatuna filamu.

Niseme habari ya kanda za Tanga, maana wengi mmeniuliza. Mwanachama mwenzetu alipiga filamu ya dakika 19 enzi za ujana wake, na kanda zake nne zikabaki nyumbani kwa mama yake mdogo, kabatini, zaidi ya miaka 15. Alinipa habari zake miaka miwili iliyopita. Nikamwambia tungoje mpaka apatikane mtu wa kusafiri. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na ulikuwa kosa. Joto na unyevu wa pwani havina subira: unyevu huharibu tabaka la sumaku la kanda, na ukungu huota juu yake. Zilipotufikia, kanda tatu zilisomeka baada ya kusafishwa kwa mkono kwa siku nyingi. Ya nne, yenye tukio la mwisho la bahari usiku, ilisomeka dakika mbili za mwanzo, baada ya hapo ni miraba na ukimya. Kilichobaki cha tukio hilo ni nakala ndogo ya kwenye intaneti. Mwenzetu aliitazama pamoja nasi, akatuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na wimbi ambalo lilikuwa likirudi nyuma. Halionekani. Mama mdogo alizitunza kanda kadiri alivyojua, alizifunga kwa kitambaa safi na hakuruhusu mtoto azichezee. Hakuna aliyemwambia kwamba adui wa kanda hizo ni hewa.

Lilizuka pia suala la kusafisha picha. Baadhi ya vijana wetu wa kujitolea walipendekeza filamu zote zipitishwe kwenye programu za kuondoa chembechembe na mikwaruzo. Nia yao ni njema, lakini nimepinga na nitaendelea kupinga. Kumbukeni The Call of Cthulhu ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Andrew Leman kwa ajili ya H. P. Lovecraft Historical Society, chama cha wapenzi wa hadithi za Lovecraft. Ina dakika 47, ni ya kimya, ni nyeusi na nyeupe, nayo ilitengenezwa kwa kuchanganya mbinu za kale na za kisasa ili ionekane kama filamu ya miaka ya 1920, wakati hadithi yenyewe ya Lovecraft ilipochapishwa. Wengi waliofuata njia hiyo wameweka uchakavu kwa makusudi. Programu haiwezi kutofautisha uchakavu wa makusudi na uchakavu wa miaka. Nakala mama haitaguswa. Anayetaka kusafisha atasafisha nakala nyingine, aandike kila alichokifanya.

Kuhusu hakimiliki, bado kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa Lovecraft alifariki mwaka 1937, filamu zinazotokana na hadithi zake ni za kila mtu. Hadithi ya The Call of Cthulhu, iliyochapishwa mwaka 1928, imekuwa mali ya umma hata Marekani tangu Januari 2024. Lakini filamu ni ya aliyeitengeneza, na muziki wake huenda ni wa mtu mwingine kabisa. Katibu amewaandikia watengenezaji mmoja mmoja. Waliojibu wamejibu kwa furaha, na kuna aliyeshangaa kwamba filamu yake bado inakumbukwa. Ambazo hatujapata ruhusa tunazihifadhi lakini hatuzionyeshi hadharani.

Tumejadiliana pia, kwa sauti za juu wakati mwingine, juu ya Lovecraft mwenyewe. Alituona sisi watu weusi kuwa chini ya binadamu wengine, na aliyaandika hayo. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria aliyeshinda World Fantasy Award, tuzo ya hadithi za fantasia, mwaka 2011, aliandika wazi jinsi ilivyo kupewa tuzo yenye sura ya mtu huyo, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Msimamo wangu ni kwamba filamu zihifadhiwe kama zilivyo, bila kukatwa, na maelezo ya kila filamu yaseme bila kuficha pale ambapo dharau hiyo imerithiwa. Na tutafute kwa bidii zaidi filamu za watu ambao yeye asingewapa kiti. Hofu ya kujiona mdogo mbele ya ulimwengu haikuwa yake peke yake.

Hifadhi yetu sasa ina nakala tatu za kila filamu iliyokamilika, katika vyombo vya aina mbili, na moja iko mji mwingine. Video zilizotoka kwenye kanda za analogi tunazihifadhi kwa FFV1, namna ya kubana video ambayo hubana bila kupoteza kitu. Kila faili lina namba yake ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo yote. Tarakimu moja ikibadilika, namba haitalingana tena. Ukaguzi wa mwaka huu ulikuta faili moja limeharibika, likarejeshwa kutoka nakala ya pili siku hiyohiyo.

Mahesabu atayasoma mweka hazina.

Ombi langu ni moja. Mwenye kamera ya MiniDV, hata iliyokufa, asiitupe, kwani tunahitaji vipuri. Mwenye kanda, au mwenye ndugu aliye na kanda, asingoje safari ya mtu kama nilivyongoja mimi. Gharama ya kuzituma tutailipa. Msizijaribu kwenye mashine ya nyumbani, wala msizirudishe nyuma. Ziandikeni jina la filamu, mwaka, na jina la mwenyewe, na mzilete kama zilivyo. Leo zitapokelewa mezani karibu na mlango mara tu baada ya uchaguzi wa kamati.

Wenu,
Mwenyekiti